Mjaluo aliyezikwa Lang'ata

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea Great Wall ya inchi 14, ile nyeusi na nyeupe. Aliikuta stoo kwa marehemu babu yake, imefunikwa gunia, panya wamekula waya wa nyuma. Anataka iwake tu, aiweke sebuleni kama pambo. Nikamwambia hata ikiwaka haitashika chochote, mitambo iliyokuwa ikiirushia picha ilizimwa 2015. Akasema hajali, yeye anataka kuona zile chenga.

Basi nikaifungua mgongo. Niko hapa hapa Luthuli Avenue, Nairobi, ninapokaa siku zote, kijibanda cha upana wa mikono miwili, kushoto wanauza spika, kulia wanauza chaja za simu, na kila mmoja amewasha muziki wake. Vumbi la ndani ya televisheni za zamani lina harufu yake, asiyewahi kuinusa siwezi kumweleza. Ilipoingia puani tu, nikamkumbuka Mzee Ojwang.

Kwa wale wa juzi: Mzee Ojwang, kwa kirefu Ojwang Hatari, ndiye aliyekuwa mume wa Mama Kayai katika Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni. Watu wa Vitimbi na Vioja Mahakamani walikuwa wengi, kulikuwa na Makokha, Masanduku arap Simiti, Othorong'ong'o Danger, Tamaa bin Tamaa, lakini hesabu ilianzia kwa Ojwang. Aliigiza pia katika Darubini na Vituko, na Vioja akatokea vilevile, ila popote ulipomwona alikuwa Ojwang. Sijawahi kumsikia mtu akisema "yule mwigizaji anayeigiza Ojwang". Tulisema Ojwang, basi.

Sisi tulimjulia Makongeni. Baba alikuwa fundi wa karakana ya reli, tukikaa chumba kimoja chenye pazia katikati. Televisheni hatukuwa nayo. Jirani wa mlango wa tatu alikuwa nayo, ya betri ya gari, na siku ya Vitimbi mlango wake haukufungwa. Watoto tulikaa sakafuni, akina mama kitandani, wanaume wakasimama mlangoni wakijifanya wanapita. Baba alikuwa mmoja wa hao wanaopita. Alikuwa akipita kwa nusu saa nzima.

Betri ikianza kuchoka, picha hunywea. Inaanzia pembeni, weusi unaingia taratibu kutoka kushoto na kulia, watu wanakuwa wembamba, mwisho Mama Kayai anabaki kama amesimama kwenye upenyo wa mlango. Mwenye nyumba alikuwa akipiga kelele, "Zima taa! Zima taa!" kana kwamba ile koroboi ya mafuta ndiyo iliyokuwa ikila betri. Tulizima. Tukamalizia Vitimbi gizani, tukitazama kisanduku chenye picha ya ukubwa wa kitabu cha hesabu.

Ikiisha, ndipo mjadala wa wanaume ulipoanza. Ojwang ni wa wapi?

Baba alishikilia kwamba ni mtu wa Alego. Sisi ni watu wa Alego. Mwenye televisheni alikuwa wa Ugenya, naye akasema sikilizeni anavyovuta maneno, huyo ni wetu. Mmoja wa Seme akaapa kwamba shemeji yake anaijua boma lake, ina mwembe mkubwa mbele. Binamu yangu aliyekuja kututembelea kutoka Kisumu alisema alimwona kwa macho yake Kondele akinunua samaki, na akapunguziwa bei. Hakuna hata siku moja ambapo mtu aliuliza kama ni Mjaluo. Hilo lilikuwa kama kuuliza kama samaki anajua kuogelea. Kilichobaki kilikuwa ni kujua kijiji.

Mjue pia kwamba stesheni ilikuwa moja. Voice of Kenya, ambayo 1989 ikawa KBC, na KTN haikuingia hewani hadi 1990. Kwa hiyo msiseme watu walichagua Vitimbi. Ukiwasha ulipokea ulichopewa: shughuli za rais, kwaya, mafunzo ya kilimo, taarifa ya habari. Halafu katikati ya hayo anatokea mzee mwenye miwani na kofia, anagombana na mkewe, na wanagombana kwa Kiswahili kile kile mnachogombania ninyi hapo kwenye ploti. Si cha habari, si cha mtihani. Watoto wangu wana mafaili na mitandao na kila kitu duniani, na hawana mtu mmoja ambaye nyumba nzima inamjua.

Nilimaliza kidato cha nne bila karo ya kwenda mbele, na mwaka wa 1993 Baba akanileta mjini kwa fundi mmoja wa televisheni, mzee wa Murang'a, mtu mkimya aliyekuwa akiongea na mita yake zaidi ya alivyoongea na watu. Ndiye bosi wangu nitakayemtaja. Kwa miezi sita kazi yangu ilikuwa kufagia, kuleta chai, na kupangusa vioo. Mwezi wa saba akanikabidhi Great Wall ya mteja.

Ilikuwa na ugonjwa ambao fundi yeyote wa rika langu anaujua: sauti ipo, picha imejibana yote ikawa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, kutoka kushoto hadi kulia. Sehemu inayotandaza picha juu na chini imekufa. Ukipata hiyo, kitu cha kwanza ni kupunguza mwanga, kwa sababu mstari ule ukiachwa uwake kwa nguvu unaunguza kioo na alama haitoki tena. Nikapunguza. Ukabaki uzi wa kijivu unaotetemeka. Na ilikuwa jioni, siku ya Vitimbi.

Nikawa nasikia tu. Mama Kayai anafoka, Ojwang anajitetea. Mimi ninatafuta transista iliyoungua huku ninacheka. Bosi akaniambia bila kuinua kichwa, "Unajua huyo ni Mkikuyu?"

"Nani?"

"Ojwang. Jina lake Wanjau."

Nilicheka zaidi. Nilidhani ndiyo mara ya kwanza mzee amefanya mzaha, nikataka kumtia moyo. Akaweka chuma chake cha moto chini, akasema jina lote: Benson Wanjau. Na Mama Kayai ni Mary Khavere, Mluhya. Na Masanduku arap Simiti ni Sammy Muya. Akarudi kwenye kazi yake.

Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba babu yake si babu yake. Nikabisha. Nikasema haiwezekani Mkikuyu aongee vile, mimi nimezaliwa na hiyo lafudhi, naijua. Bosi akasema, "Basi msikilize. Siku ukimnasa, utaniambia."

Sasa hapa niwaeleze jambo ambalo watu hulipita. Mjaluo wa rika la Baba, akisema Kiswahili, hupata taabu na "sh". Shamba inakuwa samba, shida inakuwa sida. Mkikuyu hana shida hiyo. Taabu yake yeye ni "l" na "r", ambazo kwake ni ndugu wanaoazimana nguo: lori linakuwa rori, na siku nyingine rori linarudi kuwa loli. Mjaluo kwa upande wake anazitenganisha "l" na "r" bila hata kufikiri. Kwa hiyo Mkikuyu anayejifanya Mjaluo ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Aharibu ile sauti ambayo yeye huitamka vizuri, na papo hapo aitamke vizuri ile ambayo yeye huiharibu. Na afanye hivyo akiwa anakimbizwa na mke mwenye mwiko, bila kuwaza. Jaribuni nyumbani. Mimi nimejaribu upande wa pili, kumwigiza Mkikuyu, na nikifika sentensi ya pili nimeshasahau ni herufi ipi niliyopaswa kuvunja.

Nilimvizia kwa miaka. Nilimvizia hasa akikasirika, kwa sababu bosi alisema mtu akikasirika hurudi kwa mama yake. Nilisubiri "rori" moja tu. Kila baada ya wiki kadhaa bosi aliniuliza, "Umemnasa?" Nami nikajibu, "Bado."

Ila katika kumvizia nikasikia kitu kingine, na hiki ndicho kilichonifanya nimheshimu kuliko lafudhi. Mstari ule kwenye kioo hauna uso, kwa hiyo unabaki na mapigo tu. Mama Kayai anamaliza kumtukana. Kimya. Moja, mbili. Anashusha pumzi. Na bosi wangu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, ameshaanza kutikisika mabega kabla Ojwang hajatoa neno. Neno lenyewe linapokuja, huwa ni dogo, halina hata mzaha ndani yake. Kicheko kilikuwa pale kwenye kimya. Waigizaji wengi wa vichekesho wa siku hizi, na sitamtaja mtu, wanaogopa kimya kama deni. Wanakijaza kwa makelele, kwa kuanguka, kwa kuvaa nguo za kike. Yule mzee alikiacha kikae.

Siku moja, nadhani ilikuwa 1996, bosi alinituma nipeleke televisheni kwa mteja upande wa Chuo Kikuu. Nikirudi nikapita Harry Thuku Road, mahali jengo la KBC lilipo, jirani na Jumba la Taifa la Maigizo, ng'ambo ni hoteli ya Norfolk. Nikasimama. Nilitaka kumwona akitoka. Nusu saa imepita, askari wa getini akaja kuniuliza ninamngoja nani.

"Namngoja Ojwang."

"Anafanya kazi idara gani?"

Nikamwambia ni Ojwang wa Vitimbi. Akacheka, lakini akanijibu kwa adabu tu kwamba kwenye daftari lake la getini hakuna mtu wa jina hilo. Nilifika Luthuli nimechelewa, nikamweleza bosi, na hiyo ndiyo mara nyingine niliyomwona akicheka.

Baba sikufaulu kumshawishi. Nilijaribu, niseme ukweli. Nilimwambia siku ya Krismasi, tukiwa tumekaa nje Makongeni, kwamba fundi wangu anasema Ojwang ni Mkikuyu na mkewe wa kwenye televisheni ni Mluhya. Yaani ndoa ya Kijaluo iliyojulikana kuliko zote nchini haikuwa na Mjaluo hata mmoja ndani yake. Baba akanitazama kwa huruma. Akasema, "Huyo bosi wako ni mtu mzuri, lakini ni Mkikuyu. Wanataka kila kitu." Mada ikafungwa.

Wapo watu wenye masomo wanaosema siku hizi kwamba vipindi vile vilitufundisha kuchekana makabila, Mjaluo mwenye majivuno, Mluhya mwenye kupenda kula, Mkisii mwenye hasira. Huenda. Mimi naongea kama Mjaluo aliyekuwa amekaa sakafuni. Baba yangu alikuwa mtu mwenye majivuno, na kiatu chake kiling'aa kuliko cha msimamizi wake wa kazi. Alipomwona Ojwang akijishaua halafu akiishiwa pesa, hakuona anachekwa. Alijiona. Ojwang hakuwa mjinga kwa sababu ni Mjaluo, alikuwa mjinga kwa sababu ni mume, na hilo halina kabila. Kuna mtu alikaa mahali, akawasikiliza watu kama Baba kwa makini ambayo hata sisi watoto wao hatukuwa nayo. Ukimdharau mtu humsikilizi hivyo.

Lakini kuna bei. Kibao cha kibanda hiki bado kina jina la bosi, alistaafu zamani na sasa ni marehemu, na wateja wapya huniita kwa jina lake. Ninaitika. Inapunguza maelezo. Ila saa kumi na mbili nikifunga, ninarudi nyumbani na jina langu. Wanjau alifunga saa ngapi? Akipanda matatu ni Ojwang, akienda dukani ni Ojwang, watu wanamuuliza Mama Kayai hajambo, hali ana mke wake nyumbani. Zaidi ya miaka 30 hivi. Mama Kayai naye yamempata hayo hayo, kuulizwa habari za mume ambaye si mumewe.

Niseme kidogo kuhusu 2008, halafu niendelee.

Desemba ya 2007, kabla ya uchaguzi, mteja mmoja wa Mathare aliniletea Great Wall. Nikaifungia karatasi ya jina kwa uzi, nikaiweka rafuni. Kisha yakatokea yaliyotokea, zile ghasia za baada ya kura. Nilikuwa nikikaa Dandora wakati huo. Asubuhi ya kwanza bosi alinipigia simu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usije. Usipite Juja Road. Nitakwambia." Alikuwa anapiga kila siku. Mzee wa Murang'a, anamwambia Mjaluo barabara ya kupita na ya kutopita. Nilirudi kazini Machi, baada ya Kofi Annan kuwakalisha Kibaki na Raila na mkataba kutiwa saini Februari 28. Ile televisheni ilikuwa bado rafuni. Tukaitengeneza, kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine, na jioni tukaiwasha kuijaribu. Ilikuwa Vitimbi. Tukatazama mpaka mwisho, hatukusemezana, mimi nimekaa kwenye ndoo na yeye kwenye stuli yake. Ojwang alikuwa anabishana na Mama Kayai kuhusu kitu ambacho sikumbuki.

Ilipoisha bosi akasema, "Umemnasa?"

Nikasema, "Bado."

Mwenye televisheni alikuja kuichukua Mei. Hatukumtoza.

Baadaye macho ya Mzee Ojwang yakaanza kumwacha. Habari zikaenea, Wakenya wakachanga kwa M-Pesa ili atibiwe. Mimi nilituma mia mbili, na sijivunii, ningeweza kutuma zaidi. Nilichogundua ni kwamba matangazo yote ya mchango yalisema Mzee Ojwang. Ilibidi. Ungeandika "tumsaidie Benson Wanjau" nani angetoa mkono mfukoni? Hata ugonjwa wake ilibidi auguze kwa jina la kazi.

Mwaka wa 2015 ulikuwa mbaya kwa mafundi. Februari mitambo ya analojia ya Nairobi ilizimwa, vituo vikubwa vikakaa gizani kwa wiki kadhaa kwa sababu ya ugomvi, na tarehe ya mwisho iliyokubaliwa kimataifa ilikuwa Juni 17. Kila mtu akawa ananunua king'amuzi. Wateja waliokuwa na televisheni nyeusi na nyeupe wakaacha kuzifuata, nikabaki na tisa rafuni. Ndiyo maana nakumbuka vizuri. Analojia ilikuwa haijamaliza mwezi kaburini, na Jumapili ya Julai 12 Mzee Ojwang akafariki katika Hospitali ya Kenyatta, akiwa na miaka 78. Nimonia.

Jumatatu asubuhi nilimpigia Baba. Alikuwa ameshastaafu, yuko nyumbani Siaya, masikio mazito, redio sikioni kutwa.

"Nimesikia," akasema. "Wanamleta lini?"

"Kumleta wapi, Baba?"

"Nyumbani. Alego. Au ni kweli ni wa Ugenya?"

Nikavuta pumzi. Nikamwambia hawamleti. Anazikwa Nairobi, makaburi ya Lang'ata.

Kwa asiyejua: kwa mzee wa Kijaluo wa rika la Baba, Lang'ata ni mahali unapozikwa ukiwa umepotelewa na watu. Mtu huenda dala, huzikwa bomani kwake, na jogoo akiwika amsikie. Baba alikuwa na umri wa kuifuatilia kesi ya S.M. Otieno kila siku kwenye redio, yule wakili aliyefariki Desemba 1986, mjane wake Mkikuyu, Wambui, akataka amzike karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukakataa. Mwili ulikaa mochari mpaka Mei 1987, mahakama ikaamua, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Baba alisafiri kwenda mazishini. Hakuwa amewahi kumwona Otieno maishani.

Akanyamaza kwenye simu kwa muda. Kisha akauliza, "Mjane wake ni mtu wa wapi?"

Nikasema ninavyosoma gazetini ni Mkikuyu.

"Aaa," Baba akasema. Sauti ya mtu aliyeelewa kila kitu. "Safari hii wametushinda."

Nikamwambia Baba, hapana, hakuna kesi, hakuna aliyeshinda. Marehemu mwenyewe ni Mkikuyu. Benson Wanjau Karira. Nikamsomea kutoka gazetini. Nikamweleza na picha iliyokuwapo. Wiki hiyo mji wote ulikuwa unapakwa rangi kwa ajili ya Obama, aliyekuwa anafika tarehe 24, nyasi zinapandwa kandokando ya barabara usiku na mchana, na Baba akalishika hilo.

"Obama ni Mjaluo?"

"Babake ni wa Kogelo."

"Mama yake?"

"Mzungu."

"Anaweza kuomba maji kwa Kijaluo?"

"Sidhani, Baba."

"Na bado mnamwita Mjaluo. Mnampandia nyasi. Huyu ameongea kama jathurwa, mtu wa kwetu, tangu mkiwa watoto, hajakosea hata neno, na leo amekufa ndiyo mnamkana?"

Nilijaribu kucheka, simu ikakatika. Nilidhani ni mtandao. Baadaye mama akaniambia aliikata yeye.

Siku mbili baadaye akanipigia mwenyewe, jambo ambalo halifanyi kwa sababu ya salio. Alikuwa mtulivu. Alikuwa amelala juu ya jambo hilo, na amewashirikisha wazee wawili.

"Wuoda, mwanangu," akasema, "lile jina ulilonisomea. Benson ni la ubatizo?"

"Ndiyo, Baba."

"Na Wanjau?"

"Wanjau ndilo jina lake, Baba. Ojwang lilikuwa la televisheni."

"Nairobi unafanya kazi na nani? Si Wakikuyu? Na wewe si unaitika jina la bosi wako?"

"Naitika, lakini..."

"Basi," akasema. "Wanjau lilikuwa la kazini."